Kuhamia Kalemie: kiwanja cha ufukweni, nyumba ya Katuba na biashara ya ndakala

Swali: «Mimi ni mama wa miaka 51, ninaishi Katuba, hapa Lubumbashi. Kwa miaka mingi ninauza ndakala, yaani dagaa, wanaotoka Kalemie, mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika. Mume wangu ni fundi umeme, atastaafu mwakani na kupewa malipo yake ya mwisho; ana presha na anakunywa dawa kila siku. Shemeji yangu anayeishi Kalemie ametutafutia kiwanja kilicho hatua kama arobaini kutoka majini, kwa bei ambayo hapa Lubumbashi hupati hata chumba kimoja. Anatushauri tuuze nyumba ya Katuba, tujenge kule, nami niwe karibu na samaki. Mtoto wetu mkubwa yuko chuo kikuu hapa, mdogo amebakiza miaka miwili ya sekondari. Je, tuhame?»

Jibu:

Mama, shemeji yako amefunga mambo matatu katika kifurushi kimoja, nawe unaulizwa uyakubali au uyakatae yote kwa pamoja: kuhamia mji wa Kalemie, kununua kiwanja kile, na kuuza nyumba ya Katuba. Mimi ninayaona kuwa maamuzi matatu yenye majibu tofauti. Kuhamia Kalemie kunaweza kuwafaa, kwa masharti nitakayoyaeleza. Kiwanja kile, kwa jinsi ulivyokieleza, msikinunue. Nyumba ya Katuba msiiuze, hata kama mtahama na kukaa kule mpaka uzeeni.

Nianze na kiwanja, kwa sababu ndipo kazi yangu ilipo. Nimekuwa mpimaji wa ardhi kwa zaidi ya miaka ishirini, na baadhi ya miaka hiyo niliitumia Kalemie. Kiangazi kimoja mwenye kiwanja aliniomba nisimike mawe ya mipaka karibu na maji kadiri ilivyowezekana, ili apate mita chache zaidi. Mchanga ulikuwa mkavu na mgumu, wavuvi walikuwa wakianika nyavu mbele yetu, nami nikakubali bila kuuliza maswali niliyopaswa kuuliza. Miaka michache baadaye nilipita mahali pale nikiwa ndani ya mashua. Nyumba ilikuwa imesimama majini hadi usawa wa madirisha. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu habari ambazo zingemwokoa mtu yule zilikuwepo, na mimi ndiye niliyepaswa kuzijua.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 673 na kina kinachofika mita 1,470. Mito mingi inaingia humo, ukiwemo Ruzizi unaotoka Ziwa Kivu na Malagarasi unaotoka Tanzania, lakini mlango wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga, ambao unaanzia papo hapo Kalemie na kuelekea mto Lualaba. Mlango huo ni mwembamba, na hujaa matope na magugu. Sehemu kubwa sana ya maji yanayoondoka ziwani haipiti hapo kabisa, bali huvukizwa na jua. Kwa hiyo mvua zikizidi kiasi kwa miaka miwili au mitatu mfululizo, maji yanakosa pa kwenda. Yanapanda polepole, na yakishapanda hukaa. Watu wa Lubumbashi tunapofikiria mafuriko tunaona mto uliovimba baada ya mvua kubwa, ukapita siku mbili, ukaacha tope la kufagia. Ziwa halifanyi hivyo. Linaingia nyumbani kwako na kubaki humo miezi, wakati mwingine miaka.

Wala si jambo geni. Msafiri Cameron alipofika kwenye Lukuga mwaka 1874, na Stanley alipopita mwaka 1876, njia ya maji ilikuwa imezibwa na mchanga na mimea, na ziwa lilikuwa linazidi kupanda. Mwaka 1878 kizuizi hicho kilivunjika, maji yakakimbilia magharibi, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa mita zipatazo kumi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mvua kubwa ziliyapandisha maji tena, yakafikia kilele mwaka 1964, na wazee wa Kalemie waliokuwa watoto wakati ule bado wanaweza kukuonyesha yalipofika. Baadaye maji yakashuka, kizazi kikapita, ardhi iliyoachwa wazi ikagawanywa viwanja na watu wakajenga. Kisha, kuanzia mwaka 2020, ziwa likapanda upya, na mwaka 2024 likafika kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ile ya 1960. Nyumba, maghala na barabara za ufukweni zilizama Kalemie, na vivyo hivyo Uvira, Bujumbura na Kigoma.

Sasa urudi kwenye zile hatua arobaini. Ndani ya mwaka mmoja wa kawaida, maji hufika juu kabisa kati ya Aprili na Mei, na hufika chini kabisa karibu na Oktoba au Novemba, na tofauti kati ya vipindi hivyo kwa kawaida haizidi mita moja. Mita moja inasikika kuwa kidogo. Lakini ufuko ukiwa tambarare, maji yanayopanda mita moja yanaweza kutembea hatua arobaini, hamsini au sitini kuelekea nchi kavu. Kwa sababu hiyo umbali kutoka majini haukuambii chochote, Mama. Kinachokuambia ni kimo. Swali la kumwuliza shemeji ni hili: sakafu ya nyumba yetu itakuwa mita ngapi juu ya alama ya maji ya Mei 2024? Alama yenyewe si vigumu kuipata, kwa kuwa kuta za majirani zina mstari wa rangi tofauti, miti iliyokufa kwa kuzama mizizi inaonekana, na kila mwenye duka anakumbuka alihamisha bidhaa zake hadi wapi. Mpimaji mwenye chombo chake atawapa jibu kwa asubuhi moja. Nisingejenga nyumba ya kuzeekea mahali ambapo sakafu haizidi alama hiyo kwa mita tatu, na hata hapo ningependa nne.

Na bei yake je? Kiwanja cha ufukweni kinachouzwa rahisi baada ya miaka kama hiyo kina sababu ya kuwa rahisi. Sisemi kwamba shemeji anawadanganya. Inawezekana kabisa kwamba amekiona wakati wa ukame na akafurahi kwa ajili yenu, kama mimi nilivyokiona kile changu.

Kuna Kalemie nyingine, ile ya vilimani nyuma ya ufuko, ambako upepo wa ziwa unafika na maji hayafiki. Huko tatizo ni mmomonyoko: mvua huchimba mifereji ambayo hupanuka kila mwaka na kuvuta nyumba chini. Ukipelekwa kwenye kiwanja cha mlimani, tembea juu yake mpaka uone maji ya mvua ya majirani wa juu yanapita wapi. Ikiwa yanapita kwenu, tafuteni kingine.

Ujenzi wenyewe unataka uangalifu kuliko hapa kwetu. Ziwa limelala ndani ya bonde la ufa, na ardhi huko hutikisika. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko lenye ukubwa wa 6.8 lilitokea ziwani, na Kalemie ilipoteza watu na nyumba. Kuta za matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, kama tunavyojenga Katuba bila wasiwasi, hazifai kule. Mwambie mume wako adai nguzo za zege kwenye pembe, na mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka nyumba nzima juu ya madirisha. Yeye ni fundi, ataelewa upesi kwa nini nyumba inapaswa kufungwa kama sanduku.

Kuhusu hati nitasema machache, ingawa ndiyo yanayoleta vilio vingi. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ya Kongo ni mali ya Serikali; tunachonunua ni haki ya kuitumia, na kwa raia haki hiyo inaweza kuwa ya kudumu. Karatasi ya chefu wa mtaa inaonyesha tu kwamba majirani wanamtambua muuzaji. Hati yenyewe ni cheti cha usajili, ambacho hutolewa na mhifadhi wa hati za ardhi, na ambacho kwa kawaida hakiwezi tena kupingwa baada ya miaka miwili. Kabla ya kutoa hata malipo ya kwanza, nendeni wenyewe ofisini kwake mkaulize kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani, kisha nendeni kadastra, ofisi inayotunza ramani na vipimo vya viwanja, mkaulize kama kimo ndani ya ukanda wa umma kando ya maji. Msitume mtu, hata awe ndugu.

Nije kwenye biashara yako, ambayo naona ndiyo nguzo ya kweli ya nyumba yenu baada ya mumeo kustaafu. Unasema utakuwa karibu na samaki, na ni kweli, lakini utakuwa mbali na wanunuzi. Leo wewe ndiye mkono wa mwisho: unajua nani anakopa na kulipa, nani anataka ndakala wadogo weupe na nani anatafuta wakubwa, na siku gani soko linajaa. Ukihamia Kalemie utakuwa mkono wa kwanza, mnunuzi miongoni mwa wanunuzi wengi ambao wamekaa pale miaka na wana wavuvi wao, waliowakopesha nyavu na mafuta ya injini. Faida itakuwepo tu ikiwa kuna mtu wa kuaminika atakayebaki Lubumbashi kupokea mzigo na kuuza kwa macho yako. Kama ni dada yako au binti yako, basi una biashara yenye miguu miwili, iliyo bora kuliko ya sasa. Kama hayupo, utakuwa umeacha unachokijua kwa ajili ya usichokijua.

Kuna pia majira ambayo mtu wa sokoni huyaona kama bei tu, na mtu wa ziwani huyaona kama njaa au shibe. Ndakala huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti, hivyo kila mwezi kuna siku ambazo mashua hulala ufukweni. Mvua zikianza, kukausha kunakuwa kazi ngumu, na mzigo usiokauka vizuri huoza njiani ndani ya magunia. Mwaka 2024 nchi nne zinazozunguka ziwa zilifunga uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane, na mpango huo unakusudiwa kurudiwa kila mwaka. Naunga mkono hatua hiyo kwa moyo wote, kwa sababu wavuvi wameongezeka na maji ya juu ya ziwa yamezidi kuwa na joto, hali inayozuia rutuba ya chini isipande kulisha samaki. Hata hivyo wewe unapaswa kuhesabu miezi tisa ya kazi, si kumi na miwili, na kupanga mapema utakula nini katika ile mitatu. Wenye uzoefu huweka akiba ya mzigo mkavu uliokaushwa juu ya vichanja, usio na mchanga, na kuuza wakati huo bei inapopanda. Ukitaka kuanza na jambo moja kule, anza na vichanja: wateja wako wa Lubumbashi huwalipia zaidi ndakala wasio na mchanga, nawe unalijua hilo kuliko mimi.

Usafirishaji nao usiuchukulie kama ulivyo kwenye ramani. Kati ya Lubumbashi na Kalemie kuna zaidi ya kilomita 600 hata kwa mstari wa ndege. Reli inafika ziwani tangu mwaka 1915, ikipitia Kabalo, lakini safari ni ya siku, si ya saa. Barabara ya kupitia Pweto ni mateso wakati wa masika. Ndege ipo, kwa mwenye nauli. Upande wa pili ziwa linafungua milango ambayo Lubumbashi haina: Kigoma na reli yake ya kwenda Dar es Salaam, Mpulungu nchini Zambia, Uvira, Bujumbura. Ukisafiri kwa maji, kataa chombo kilichojazwa kupita kiasi, hata kama umelipa nauli. Mnamo Desemba 2014 meli ya Mutambala ilizama ikitoka Kalemie kuelekea Uvira, na zaidi ya watu mia moja wakafa.

Usalama wa mji wenyewe ni tofauti na wa jimbo. Mapigano kati ya Watwa na Waluba, yaliyopamba moto hasa mwaka 2016 na 2017, yaliwatoa watu wengi vijijini, na mwaka 2025 wengine wengi waliokimbia vita vya Kivu walifika Kalemie kwa mashua. Wapo ndugu zetu wanaohitaji mahali pa kulala, na mji umebeba mzigo mkubwa. Kwa hiyo ulizeni kodi ya nyumba ya leo, msitegemee ile shemeji aliyoilipa miaka iliyopita, na ulizeni hali ya barabara mwezi huo huo mnaotaka kusafiri.

Afya ya mumeo inanifanya niandike kwa uangalifu zaidi. Lubumbashi iko kwenye kimo cha mita zipatazo 1,200, ndiyo maana mwezi wa sita na wa saba tunatafuta blanketi. Kalemie iko ufukweni mwa ziwa, kwenye mita zipatazo 770. Joto halipungui sana usiku, na mbu hawapumziki. Malaria ya kule si ya msimu. Kipindupindu hurudi mara kwa mara katika miji ya ziwa, Kalemie ikiwemo, hasa mahali ambapo watu huchota maji moja kwa moja ziwani kwa kukosa bomba. Kichocho nacho kinapatikana kwenye maji ya kingo, wanapooga watoto na kufua akina mama. Yote haya yanazuilika kwa vyandarua, maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, na nyumba iliyo karibu na bomba linalotoa maji kweli, si bomba la kuonyesha. Lakini presha inataka jambo jingine: dawa ileile, kila mwezi, bila kukatika, na daktari anayemjua. Hospitali kuu ya rufaa ipo. Hata hivyo, kwa uchunguzi mzito wa moyo au figo huenda mkalazimika kurudi Lubumbashi, na kwa mgonjwa kurudi kunamaanisha ndege. Kabla ya kuamua, mume wako azungumze na daktari wake wa sasa, aandikiwe majina ya dawa zake kwa maandishi yanayosomeka, na shemeji azitafute katika maduka ya dawa ya Kalemie. Jibu la shemeji kuhusu dawa hizo lina uzito kuliko jibu lake kuhusu kiwanja.

Hapo ndipo ninapofikia nyumba ya Katuba. Malipo ya mwisho ya mumeo, yale tunayoyaita dekonti, yatakuja mara moja na hayatarudi. Sisi wa jiji hili tunakumbuka mwaka 2003, wakati zaidi ya wafanyakazi elfu kumi wa migodi walipoondoka kazini kwa hiari wakiwa na mkupuo mkononi. Nilikuwa na majirani miongoni mwao. Waliobaki na mahali pa kulala walijikongoja. Waliouza nyumba ili kuongeza mtaji, na mtaji ukaisha, walirudi kupanga vyumba mitaani ambako walikuwa wamejenga. Nyumba ya Katuba ni makazi ya mtoto aliye chuo kikuu, ni ghala na kituo cha kupokelea mzigo wa ndakala, ni mahali pa kufikia siku mume wako atakapohitaji daktari, na ukipangisha vyumba viwili inakupa fedha katika ile miezi mitatu ya ziwa kufungwa. Ukiiuza, kila kimoja kati ya hivyo itabidi ukinunue upya kwa bei ya Lubumbashi ya wakati huo.

Kuhusu mtoto wa sekondari, kama amebakiza miaka miwili mpaka mtihani wa taifa, sioni sababu ya kumhamisha katikati. Chuo kikuu kipo Kalemie pia, akipenda kuwafuata baadaye.

Hivi ndivyo ningefanya kama ningekuwa mahali penu. Mwaka huu, kabla mume wako hajastaafu, nenda wewe peke yako Kalemie kwa wiki tatu, mwezi wa nne, mvua zikiwa zinamalizika na maji yakiwa juu. Usikae kwa shemeji siku zote. Kaa angalau wiki moja karibu na ufuko wanakofikia mashua, uamke alfajiri mzigo unaposhuka, upime bei, uhesabu wanunuzi wenzako, uwaulize akina mama wanaokausha wanalipa nini kwa kichanja. Mume akistaafu, pangeni nyumba mlimani kwa mwaka mzima, ninyi wawili tu, na fedha ya dekonti ibaki ilipo isipokuwa ile ya kodi, dawa na mtaji mdogo wa mzigo wa kwanza. Mwaka huo utawapitisha kwenye mvua moja, kiangazi kimoja na kipindi kimoja cha ziwa kufungwa. Baada ya hapo, kama biashara imesimama kwa miguu yake miwili na presha haijapanda, nunueni kiwanja cha juu chenye cheti na mjenge taratibu.

Shemeji msimkatalie kwa ukali, maana ndiye atakayekuwa jirani yenu wa kwanza. Mwambieni mnashukuru, na mwombeni jambo moja: mwezi wa tano ukifika, asimame katikati ya kile kiwanja apige picha akielekea ziwani, kisha ageuke apige picha ya ukuta wa jirani wa karibu zaidi, alama ya maji ya mwaka 2024 ikionekana, naye akiwa amesimama kando yake ili mwone inamfika wapi mwilini.